Roma: mahali pa kula chakula cha Kiroma chenyewe, kuanzia machinjio ya Testaccio

JikoniRoma

Wakuu, heshima kwenu.

Haupiti mwezi bila mtu kunitumia ujumbe kwamba anakuja Roma. Mara ni mjumbe wa kikao cha FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), mara padri anayekuja masomoni, mara mama anayekuja kuhiji na parokia yake, mara kijana anayebadilisha ndege ana siku moja tu. Swali lao ni moja: nile wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naweka yote hapa, na atakayeuliza nitampa uzi huu.

Nina mwaka wa kumi na moja katika majiko ya mji huu. Nilianza kwa kuosha sufuria, nikahamia kumenya na kukata, sasa nasimama kwenye jiko la tambi. Mgahawa ninaofanyia kazi sitautaja, maana sikuja kuupigia debe.

Nianze na jambo ambalo watu wetu wengi hawaambiwi. Chakula cha Roma, kile ambacho Mroma mwenyewe anakiita chakula chake, kimetoka machinjioni. Kuna mtaa unaitwa Testaccio, kusini mwa katikati ya mji, karibu na mto Tiber. Kati ya 1888 na 1891 serikali ya mji ilijenga pale machinjio makubwa, yakafanya kazi mpaka 1975. Nyama nzuri iliondoka kwenda kwa wenye nacho. Kilichobaki, yaani kichwa, mkia, utumbo, maini, mapafu, moyo na miguu, wao wanakiita *quinto quarto*, robo ya tano. Mnyama ana robo nne, hii ya tano ndiyo ya mchinjaji. Wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa vitu hivyo, wakavipeleka kwenye vijiwe vya mvinyo vya jirani vikapikwe. Mapishi mengi ambayo leo watalii wanayapangia foleni yalikua hapo.

Aliyewahi kunywa supu alfajiri kwenye machinjio ya Vingunguti, Dar, ananielewa bila maelezo.

Nilichelewa kulijua hili. Jumamosi yangu ya kwanza kazini, kabla ya kufungua, waliniwekea sahani ya utumbo kwenye meza ya wafanyakazi. Nikanyamaza, moyoni nikasema, basi huyu muosha vyombo mweusi ndiye wa kupewa mabaki. Kisha mwenye mgahawa akavuta kiti mbele yangu, akajipakulia sahani ileile, akachukua mkate akaanza kufuta mchuzi. Ndipo nikajua kwamba Roma Jumamosi ni siku ya utumbo. Wana msemo wao: Alhamisi *gnocchi* (madonge ya viazi), Ijumaa samaki, Jumamosi *trippa*. Nilikula nikamaliza, nikaongeza. Mchuzi wa nyanya uliopikwa taratibu, nanaa ya porini, na juu jibini ya kondoo iliyokunwa ikiyeyukia kwenye moto wa utumbo. Mama yangu hupika utumbo na ndizi mbichi na ndimu, ladha tofauti kabisa, lakini ulaini ni uleule, na kazi ya kuusafisha ni ileile.

Sasa mahali.

Checchino dal 1887, mbele ya lango la machinjio ya zamani. Ilianza kama duka la mvinyo, na watu wengi hapa huipa familia hiyo sifa ya kuwa ndiyo iliyoipa umaarufu *coda alla vaccinara*, mkia wa ng'ombe unaopikwa saa nyingi na nyanya na selari nyingi sana, hadi nyama inaachia mfupa yenyewe. Wengine huongeza zabibu kavu, punje za msonobari na kakao kidogo mwishoni. Bei yake iko juu kuliko jirani zake. Ukiwa na mgeni wa heshima, mpeleke hapo.

Flavio al Velavevodetto, barabara hiyohiyo. Mgahawa umeingia ndani ya kilima cha Monte Testaccio, na kilima hicho si cha udongo. Ni rundo la vipande vya mitungi ya mafuta ya zeituni iliyovunjwa na kutupwa enzi za dola la Kirumi, kimo cha kama mita 35. Mafuta mengi yalitoka Hispania, mengine Afrika Kaskazini. Ndani wameweka vioo ukutani, unakula huku unaona vigae vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Hapa ndipo ninapokwenda siku yangu ya mapumziko. Naagiza *rigatoni*, tambi nene za mrija, za mchuzi wa mkia, kisha mboga ya *cicoria* iliyokaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili kichaa, ambayo kwa uchungu wake inanikumbusha mnavu.

Felice a Testaccio, tangu 1936. Hapa ni *cacio e pepe*, tambi za jibini na pilipili manga. Mhudumu anakuja na sahani mezani anaikorogea mbele yako. Lazima uweke nafasi mapema.

Soko la Testaccio, jengo jipya la 2012. Mchana nenda kibanda cha Mordi e Vai, uombe *allesso di scottona*: nyama ya mtamba iliyochemshwa hadi inachambuka, inawekwa ndani ya mkate, na kipande cha juu cha mkate kinachovywa kwenye supu yake kabla ya kufunikwa. Unakula umesimama. Soko hufungwa alasiri, na Jumapili halifunguliwi kabisa.

Da Remo, pizza ya Kiroma, jioni tu. Nyembamba, kavu, inavunjika kwa sauti ukiikata.

Kufika: metro mstari B, shuka kituo cha Piramide, utembee dakika kumi.

Nitaendelea kadiri mtakavyouliza.

---

Mzee wa Temeke

Mkuu, asante kwa uzi. Lakini niambie ukweli: nipande ndege saa zote hizo, nifike Ulaya, nikale utumbo? Utumbo upo Tandika, sahani moja na chapati mbili.

---

JikoniRoma

Mkuu, ndiyo, ukale utumbo, na nitakwambia kwa nini.

Mgeni akija kwetu tukampeleka kwenye hoteli kubwa akala kuku wa kuokwa na viazi, amekula nini cha kwetu? Hapa ni hivyohivyo. Tambi za nyanya na pizza utazipata Nairobi, Dar, Dubai. Lakini *rigatoni con la pajata* huzipati kokote ila hapa. Pajata ni utumbo mwembamba wa ndama anayenyonya, unakatwa bila kuoshwa ndani, unafungwa kama pete, na yale maziwa aliyonyonya yanaganda humo ndani yanakuwa kama jibini laini. Pete hizo zikiingia kwenye nyanya, mchuzi wote unageuka mzito. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, wapishi wakawa wanatumia wa mwanakondoo. Marufuku iliondolewa 2015. Nilimwona mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi wa viatu, akilia mezani alipoletewa wa ndama baada ya miaka yote hiyo. Sikumshangaa. Chakula cha utoto kikipotea kikarudi, mtu hulia.

Sisi tunazo hila zote za kula vitu hivi. Mzungu wa kaskazini anaogopa mfupa wa mkia. Wewe utaushika kwa mkono utaunyonya, na Waroma watakupenda kwa hilo, maana nao huushika kwa mkono.

---

BintiUnguja

Assalaam aleykum. Kaka, mimi na mume wangu na watoto wawili tunakuja siku nne mwezi wa nne. Uzi mzuri lakini mwenzetu umetuacha nje, maana kila nikisoma kuhusu tambi za Roma naona nguruwe. Tutakula nini zaidi ya ndizi za dukani?

---

JikoniRoma

Waaleykum salaam dada, na samahani, ningelianza na hilo. Nitajibu kama mpishi, mambo ya dini wewe na mume wako mnayajua zaidi yangu.

Kitu cha kuogopa kinaitwa *guanciale*. Ni nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na pilipili. Imo kwenye tambi za carbonara, amatriciana na gricia, mara zote. Haimo kwenye cacio e pepe. Lakini jiko ni moja na sufuria zinapishana, kwa hiyo kama hilo linakusumbua, uliza. Pia jibini ya *pecorino* hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, na *parmigiano* kwa cha ndama. Wapo Waislamu rafiki zangu wanaokula, wapo wasiokula. Mkia na utumbo mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe wakati wa kupika, na nyama yenyewe si halali, kwa hiyo huko Testaccio usiende kwa ajili ya hivyo.

Nendeni mtaa wa Wayahudi, Via del Portico d'Ottavia. Papa Paulo IV aliwafungia Wayahudi wa Roma ndani ya kuta hapo mwaka 1555, wakakaa hivyo zaidi ya miaka 300, na katika umaskini ule wakawa mafundi wa kukaanga. Migahawa ya kosher ya hapo haiingizi nguruwe hata kidogo, na inayopika nyama haichanganyi na maziwa. Agizeni *carciofi alla giudia*. Carciofo ni tumba la ua, umbo lake kama koni ya msonobari. Wanaondoa majani magumu, wanalikaanga kwenye mafuta mara mbili, mara ya pili mafuta yakiwa moto sana, linachanua kama alizeti. Majani ya nje yanavunjika kama kachori ya jana iliyorudishwa kwenye mafuta, moyo wake ni laini kama kiazi. Mwezi wa nne ndio msimu wake unaelekea mwisho, mtawahi. Watoto watapenda kwa sababu yanaliwa kwa mkono. Nonna Betta ni mmoja wa migahawa ya Kiyahudi katika barabara hiyo, lakini ulizeni kwanza kama ni wa kosher.

Jioni, karibu na Campo de' Fiori kuna kibaraza kidogo cha samaki, Dar Filettaro a Santa Barbara. Wanauza samaki chewa wa chumvi aliyevikwa unga na kukaangwa, anakuja amefungwa kwenye karatasi. Na kwenye duka lolote la kuoka mikate ombeni *pizza rossa*, mkate wa nyanya na mafuta ya zeituni, hauna jibini wala nyama.

Nyama ya halali mtaipata mitaa ya Esquilino karibu na Piazza Vittorio, wachinjaji na wauza vyakula wa Bangladesh wako wengi. Na pembezoni mwa stesheni ya Termini kuna migahawa ya Waeritrea na Waethiopia. Ulizeni kwanza nyama yao inatoka wapi.

---

BintiUnguja

Allah akulipe kheri. Hilo la ua la kukaanga nimeshamwambia mume wangu, tayari amelipangia siku ya kwanza.

---

Mwanahoteli

Mkuu JikoniRoma, nimesoma hoteli miaka miwili na tulifundishwa carbonara kwa krimu ya kupikia, uyoga na vitunguu. Mwalimu alitupa na mtihani. Huku naona watu mitandaoni wanapiga kelele kwamba krimu ni kosa. Ukweli ni upi?

---

JikoniRoma

Ukweli ni kwamba hapa Roma krimu haingii. Wala uyoga, wala kitunguu. Mwalimu wako hakudanganya, alifundisha ile ya mahoteli ya kimataifa, lakini ukija kufanya kazi huku utaanza upya.

Tambi za Kiroma ni nne na zimeshikana kama ndugu. Ukiwa na pecorino na pilipili manga, ni cacio e pepe. Ongeza guanciale, ni gricia. Kwenye gricia ongeza nyanya, ni amatriciana. Au kwenye gricia ongeza mayai badala ya nyanya, ni carbonara. Ukizijua hivyo hutachanganya tena. Amatriciana jina lake ni la mji wa Amatrice milimani, ule uliobomolewa na tetemeko la tarehe 24 Agosti 2016, watu karibu 300 wakafa katika eneo lile. Mwaka ule migahawa mingi ilitenga kiasi cha fedha kwa kila sahani kwa ajili ya waliopona. Kuhusu carbonara, watu husema ni ya kale, lakini mapishi yake hayaonekani katika maandishi kabla ya miaka ya 1950.

Niwaeleze cacio e pepe kwa undani, maana ndiyo iliyonitoa jasho kuliko kitu chochote maishani mwangu jikoni. Vitu vitatu tu: tambi, jibini, pilipili. Hakuna siagi, hakuna mafuta. Pilipili unaiponda nzima kwenye kinu, unaikaanga kavu mpaka harufu ikupande puani. Tambi unazichemsha kwenye maji machache kuliko kawaida, ili wanga ubaki mwingi kwenye maji, yawe meupe kama maji ya kuoshea mchele. Unatoa tambi kabla hazijaiva sawasawa, unamalizia kwenye kikaango na pilipili pamoja na vijiko vya maji yale. Halafu, hapa ndipo watu huanguka, unaondoa kikaango motoni na unangoja. Jibini ikikutana na moto mkali, kuanzia kama nyuzijoto 65, inakatika inakuwa mabonge na nyuzi, kama maziwa yaliyokatika, na haiokoki tena. Ukingoja ikapoa kidogo, ukamimina jibini iliyokunwa laini kama unga na kuyumbisha kikaango bila kusimama, inakuwa rojo moja inayong'aa, imeshika kila uzi wa tambi.

Nilimwaga sahani nyingi sana. Mzee aliyenifundisha alikuwa haongei, aliweka tu kiganja chake juu ya kikaango changu, akaniangalia, akatikisa kichwa: bado moto. Siku aliyoweka kiganja akaitikia kwa kichwa, nilijua nimekuwa mpishi.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kupima mgahawa wa Roma, agiza cacio e pepe. Hakuna pa kujificha.

Mahali pengine pa hizi nne: Roscioli pale Via dei Giubbonari kwa carbonara, ni duka la jibini lenye meza ndani, pamebana na bei si ndogo. Na Armando al Pantheon, tangu 1961, hatua chache kutoka Pantheon, familia ileile. Ukizunguka mitaa ile yenye watalii wengi ukashindwa kuamini kwamba bado pana chakula cha kweli, hapo pana. Weka nafasi wiki kadhaa kabla.

---

MalindiKwetu

Ndugu zangu, sisi wa Malindi Waitaliano ni majirani tangu utoto, wengine Kiitaliano tumekijua ufukweni kabla ya kuingia darasani. Hata roketi zao walirusha kwetu, pale San Marco Ngomeni, tangu 1967. Kwa hiyo nina neno.

Nimekaa Roma majira mawili ya joto kwa kazi za hoteli na naona bwana JikoniRoma ameunyima mtaa wa Trastevere haki yake. Da Enzo al 29 ni chumba kidogo, nafasi hawawekei mtu, unasimama foleni, lakini utumbo wao na artichoki yao (ile carciofo) havina mshindani kwangu mimi. Na pizza nenda Ai Marmi, kwenye barabara kuu ya Trastevere. Waroma wanaiita *l'obitorio*, chumba cha maiti, kwa sababu ya zile meza za marumaru. Usiku saa nne pana kelele kama stendi ya matatu na pizza zinatoka tanuri la kuni moja baada ya nyingine.

Tena waonye watu kuhusu bili.

---

JikoniRoma

Nakubali bwana, Da Enzo nilimsahau, na si haki. Foleni yake tu ndiyo inanishinda, maana siku yangu ya mapumziko ni moja.

Bili, ndiyo. Wiki yangu ya kwanza Roma nilikuwa sijui neno la Kiitaliano, nikavutwa mkono na kijana mlangoni karibu na moja ya magofu makubwa. Menyu ina picha, kila kitu kwa lugha sita. Nikaonyeshwa samaki, bei imeandikwa ndogo, nikafurahi. Sikuona neno *etto*. Etto ni gramu 100. Samaki alipimwa mzima, bili ikaja euro 78, na mimi mfukoni nilikuwa na 90 za wiki nzima. Nililipa, nikatoka, nikala mkate mtupu siku tano. Kwa hiyo ukiona *all'etto* au *hg*, uliza samaki ana uzito gani kabla hajaingia jikoni.

Mengine: katika mkoa huu wa Lazio sheria ya 2006 imekataza kutoza *coperto*, ile fedha ya kukalia kiti. Mkate wanaweza kutoza, lakini una haki ya kuukataa ukiletwa. Bakshishi si lazima. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni bei moja, ukikaa mezani ni nyingine, inaweza kuzidi maradufu. Maji usinunue mtaani: kuna mabomba ya chuma yenye mdomo uliopinda, *nasoni*, zaidi ya elfu mbili mji mzima, maji baridi saa zote na ni bure. Migahawa mingi hupika saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, halafu moto unazimwa mpaka saa moja na nusu jioni. Na katikati ya Agosti wengi wanafunga wanakwenda baharini.

---

SistaWaKagera

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mtawa, niko Roma masomoni mwaka wa tatu. Ndugu zetu wa hija huja na fedha kidogo, na Testaccio ni mbali na Vatikano kwa mama mwenye magoti mabovu. Naomba niwape ya kwetu wanafunzi.

Ukitoka Makumbusho ya Vatikano, usile pale mlangoni. Tembea kuelekea kituo cha metro cha Cipro, pana Pizzarium ya mpishi Gabriele Bonci, tangu 2003. Pizza iko kwenye trei ndefu, unaonyesha kwa kidole ukubwa unaotaka, wanakata kwa mkasi, wanapima kwenye mizani. Ya viazi na jibini inashibisha mtu hadi jioni. Viti hakuna, tunakula tumesimama pembeni.

Halafu *supplì*: wali wa nyanya uliofinyangwa na kipande cha jibini katikati, ukavikwa chenga za mkate na kukaangwa. Ukiuvunja katikati jibini inavutika kama uzi. Kipande ni kama euro mbili au tatu, na viwili ni chakula cha mchana. Shirikani kwetu tulijaribu kupika kwa wali uliobaki wa jana na ulitoka vizuri kuliko wali mpya, sijui mpishi atasemaje.

---

JikoniRoma

Milele amina, Sista. Mpishi anasema umesema kweli tupu: wali uliolala umekauka, unashikana. Wengi husema supplì yenyewe ilizaliwa kwa kutotupa wali.

Niongeze kimoja cha bei hiyohiyo kwa anayetaka kuonja robo ya tano bila kukaa mezani: Trapizzino, Via Giovanni Branca, Testaccio. Stefano Callegari alibuni mwaka 2008 mkate wa pizza wa pembetatu uliochanwa kama mfuko, ndani wanamimina mchuzi mzito. Unaweza kuomba wa utumbo, wa mkia uliochambuliwa mifupa, au wa kuku. Mchuzi unazama ndani ya mkate na hauvuji mkononi. Kwa mtu ambaye hana uhakika na utumbo, aanzie hapo.

---

Kijana_wa_Goma

Kaka, niko Brussels, nakuja Roma siku mbili na mchumba wangu. Nataka mahali pamoja tu pa chakula cha jioni, pasiwe pa watalii, pasiwe pa kunimaliza mfuko. Pamoja tu.

---

JikoniRoma

Da Cesare al Casaletto. Panda tramu namba 8 pale Piazza Venezia, kaa mpaka inapoishia, kituo cha Casaletto. Mgahawa uko hapo hapo, ukishuka umefika. Una kibaraza kilichofunikwa na mizabibu, familia za mtaani na watoto wao, mababu wanabishana mpira. Anzeni na vitu vya kukaanga: *gnocchi* zilizokaangwa juu ya mchuzi wa cacio e pepe, na madonge ya nyama iliyochemshwa. Kisha tambi sahani moja kila mtu, euro 12 hadi 16 hivi, inatosha. Piga simu siku kadhaa kabla, na kumbuka Jumatano hufunga.

Mkirudi, tramu ileile. Tiketi ya euro 1.50 inadumu dakika 100.

---

Mzee wa Temeke

Mkuu narudi. Nilikuuliza kuhusu utumbo nikidhani unatutania, nikasoma uzi wote mpaka usiku. Sasa jambo limegeuka, nimeteuliwa kwenye ujumbe wa kikao cha FAO mwezi wa kumi. Ratiba inaisha Ijumaa, ndege yangu ni Jumapili asubuhi. Jumamosi niko huru. Hoteli yetu iko karibu na Circo Massimo.

---

JikoniRoma

Mzee wangu, karibu sana. Circo Massimo hadi Piramide ni kituo kimoja cha metro, na ukitembea kwa miguu ni dakika ishirini.

Jumamosi ndiyo siku yake. Njoo saa sita na nusu kamili, kabla watu hawajajaa. Mimi naingia kazini saa kumi alasiri, kwa hiyo tuna muda wa kutosha. Nitaweka meza ya watu wawili kule kwenye kilima cha mitungi, nawe uje na njaa. Tutaagiza utumbo kwanza, mkia baadaye. Pilipili ya kichaa, mzee, naomba uniletee kutoka nyumbani, kichupa kimoja tu cha ile ya kusaga.

---

Mzee wa Temeke

Nakuletea vichupa viwili. Na ndimu nibebe?

---

JikoniRoma

Ndimu beba.